Haikuwa soya, ilikuwa warishita

Kwa kuwa mshikaji wangu ameshatangaza kwenye grupu kwamba nimekunywa chupa nzima ya sosi ya soya mbele ya profesa, acheni niseme mwenyewe kabla habari haijamfikia mama Tanga. Kwanza haikuwa chupa, ilikuwa glasi. Pili haikuwa soya, ilikuwa warishita, mchuzi wa Kijapani wa kupikia nyama. Soya ni sehemu yake tu.

Jana maabara yetu hapa Japani tulikwenda kula shabu-shabu, nyama nyembamba unayojipikia mezani kwenye sufuria, tena ya tabehodai, yaani kula mpaka utosheke, kumkaribisha mwanafunzi mpya. Unalipa mara moja, unakula dakika 100, na oda zinafungwa dakika 30 kabla ya muda kwisha. Meza nzima mnachukua kozi moja, kwa hiyo ule mpango wa mmoja kulipa na wengine kudonoa usahauni. (Kuna Mbongo alishauliza. Simtaji.) Na nyama mkiagiza kwa tamaa halafu mkaiacha, mnaweza kutozwa.

Sufuria yetu ilikuwa na ukuta katikati. Upande mmoja supu ya kombu, ule mwani mnene, nyepesi na karibu haina rangi. Humo unashika kipande cha nyama kwa vijiti, unakisuuza sekunde chache mpaka wekundu upotee, unachovya kwenye mchuzi wa ufuta au ponzu, ule wa soya na ndimu, unakula. Usikiachie kichemke kama nyama ya pilau: kinakakamaa, na povu la kijivu linatanda juu. Kile kijiko cha wavu mezani ni cha kuliengua, si pambo. Nguruwe ndiye asiyeharakishwa, huyo aive kabisa. Upande wa pili ni sukiyaki, nyama ya mchuzi mtamu, inayopikwa kwa warishita: soya, sukari na mirin, ile divai tamu ya mchele ya kupikia, rangi ya kahawia iliyokolea. Nyama yake unaichovya kwenye yai bichi. Ndiyo, bichi. Tuendelee.

Sasa, supu inapungua kila dakika kwa mvuke, na kabichi na tofu nazo zinafyonza. Ndiyo maana mezani kuna majagi mawili ya kuongezea, moja la supu, moja la warishita. Na jagi la warishita, wadau, ni lilelile la plastiki angavu ambalo kantini ya chuo inawekea mugicha, chai baridi ya shayiri, kiangazi chote. Mnaona kesi ilipoanzia.

Nilifika nimechelewa, natokwa jasho la baiskeli. Wenzangu wameshajaza glasi kwenye mashine ya vinywaji. Sensei, yaani profesa wetu, ameshainua yake. Yangu ina barafu tu, na huku kugonga glasi tupu ni aibu. Jagi hilo hapo, pembeni ya kiwiko changu.

Nikamimina. Barafu ikalia. Kitu kikashuka polepole kuliko chai inavyoshuka. Hiyo ilikuwa dalili, nikaipuuza. Harufu? Sufuria ilikuwa inafuka harufu hiyohiyo, pua ingenisaidia nini? Sensei akasema "kanpai". Nikagonga glasi yangu chini kidogo ya yake, adabu zote, nikainua.

Mwenye kiu haonji. Funda la kwanza lilipita lote kabla ulimi haujaamka. La pili lilikuwa mdomoni taarifa ilipofika. Chumvi, halafu sukari, halafu chumvi imerudi na ndugu zake. Mashavu yamejaa, nikaanza kupiga hesabu. Mbele yangu sufuria, chakula cha watu wanne. Kushoto Sensei. Kulia mwanafunzi mpya, shati jeupe, siku yake ya kwanza nasi. Wakati huohuo roboti yenye uso wa paka ikawasili na trei za nyama, ikipiga muziki wa furaha, ikasimama kunisubiri.

Nikameza.

Machozi yalinitoka yenyewe. Mshikaji, aliyekaa mkabala nami, akatazama glasi, akatazama jagi, akaelewa kila kitu. Badala ya kunisitiri akauliza kwa sauti, kwa Kijapani, "Tamu?" Nami nikajibu tamu. Sijui kwa nini.

(Na haya yametokea Osaka, jiji lililoipa shabu-shabu jina lake mwaka 1952 katika mgahawa wa Suehiro. Si kwao nilikokunywa, msiwasumbue.)

Yaliyofuata ni mafupi. Sensei alilihamishia jagi upande wake bila neno. Nilikunywa maji mpaka nyama ikakosa pa kukaa, udon, zile tambi nene za kufungia mlo, nikazitazama kwa macho, tukalipa.

Risiti ninayo. Nimelipia na kozi ya vinywaji visivyo na kikomo. Nilichokunywa usiku ule ni maji na warishita, na vyote viwili vilikuwa bure.