Ngumi bungeni na vifungu visivyosomwa

Alhamisi tarehe 18 Desemba 2014, Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kurekebisha sheria za usalama huku karatasi zikichanwa, wabunge wakishikana mashati, na Naibu Spika Joyce Laboso akimwagiwa maji. Siku ya pili yake Rais Uhuru Kenyatta akautia saini. Kenya nzima ilizungumza juu ya vurugu zile kwa wiki kadhaa, na hadi leo ukitaja mswada ule watu hukumbuka maji na mashati.

Hapa Lamu ulistahili kukumbukwa kwa mengine. Juni ya mwaka ule Mpeketoni na vijiji vya jirani vilikuwa vimeshambuliwa na watu wapatao 60 wakauawa. Kuanzia Julai kaunti ikawa chini ya kafyu, na mvuvi anayetegemea kutega usiku akabaki kutazama mashua yake imefungwa gatini. Hakuna mahali palipohitaji ulinzi kuliko hapa, na hakuna mahali ambapo mamlaka mapya ya polisi yangegusa watu haraka kuliko hapa. Katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349, Lamu ina watatu: wa Mashariki, wa Magharibi na mwakilishi wa wanawake. Watatu hawawezi kushinda kwa wingi wa kura, na kwa misuli ndiyo kabisa. Kitu walicho nacho ni dakika chache za kusimama na kueleza kifungu fulani kitamfanya nini mtu wa Kiunga au wa Hindi, huku kwetu Lamu.

Kwa hiyo suala la wabunge kupigana linafaa kupimwa kwa kipimo hicho: ngumi ikirushwa, mswada unapata nini na unapoteza nini?

Tuangalie kwanza vurugu huzuka wakati gani. Mswada ukisomwa mara ya kwanza, husomwa jina tu, kisha hupelekwa kwa kamati ambayo pia husikiliza maoni ya wananchi. Ukisomwa mara ya pili, hujadiliwa dhamira yake kwa jumla. Halafu inakuja Kamati ya Bunge Zima: siwa, ile fimbo ya mamlaka ya bunge, hushushwa chini ya meza, Spika huondoka kitini na mwenyekiti wa kamati hushika nafasi, na mswada hupitiwa kifungu baada ya kifungu, kila kimoja na marekebisho yaliyopendekezwa. Hapo ndipo neno linaweza kuondolewa na jingine kutiwa. Baada ya hapo kuna kusomwa mara ya tatu, na mlango umefungwa. Si ajabu basi kwamba joto hupanda katika hatua ya kamati, kwa kuwa ndiyo nafasi ya mwisho ya anayepinga.

Mswada wa 2014 uligusa sheria zaidi ya 20 kwa mpigo mmoja. Kilikuwemo kifungu cha kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, anayechapisha habari au picha za namna fulani kuhusu ugaidi. Kilikuwemo kifungu cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Kila kimoja kilistahili mchana wake mzima.

Sasa, namna ya kuamua kifungu ndiyo inayoonyesha hasara. Mwenyekiti husoma, kisha huuliza: wanaokubali waseme ndiyo, wanaopinga waseme la. Huamua kwa sikio. Wasioridhika na sikio lake wana haki ya kudai kura ya kuhesabiwa, mradi wasimame kwa idadi inayotakiwa na waonekane wamesimama. Fikiria ukumbi ambao nusu ya wapinzani wako katikati ya zulia, wengine wanavutana na walinzi, wengine wanapiga firimbi. La yao haisikiki. Waliosimama hawatofautiki na wanaopigana. Silaha pekee ambayo kanuni zimewapa wachache, yaani kuwalazimisha wengi wajitaje kwa majina, wanakuwa wameiangusha wenyewe. Upande wenye wingi hauna haja ya kusikika. Unatoshwa na mwenyekiti mwenye haraka.

Hata hivyo wanaotetea vurugu hawana hoja ya kihuni, na ni makosa kuwajibu kana kwamba wanayo. Wanasema hivi: mswada umeletwa kwa haraka, muda wa mjadala umekatwa, hoja za nidhamu zinapuuzwa, kipaza sauti kinawashwa na kuzimwa kwa amri ya kiti, na hesabu ya kura inajulikana kabla ya kikao kuanza. Aliyefungiwa njia zote afanye nini? Mwenye kelele hana neno, tumefundishwa. Lakini nyumba ya makuti ikishika moto mtu hapigi hodi, hupiga kamsa.

Mfano wao wenye uzito ni wa London. Tarehe 30 Januari 1972 wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, na 13 wakafa siku ile ile. Mbunge Bernadette Devlin, mwenye umri wa miaka 24, alikuwepo na aliona kwa macho yake. Kesho yake bungeni waziri wa mambo ya ndani, Reginald Maudling, alisema wanajeshi walijibu mashambulizi. Devlin aliomba kusema, akanyimwa nafasi, akavuka ukumbi akamzaba kofi. Mwaka 2010, baada ya uchunguzi mrefu, waziri mkuu David Cameron alisimama katika bunge lile lile akakiri kwamba mauaji yale hayakuwa na uhalali wowote. Ukweli ulitolewa na uchunguzi na ushahidi, kofi halikuutoa. Lakini ni vigumu kumlaumu Devlin bila kumlaumu kwanza aliyemnyima nafasi shahidi pekee aliyekuwa ukumbini.

Mfano wa pili ni wa Ghana, na huu unagusa hesabu zaidi ya hisia. Uchaguzi wa Desemba 2020 uliacha bunge la Accra likiwa na wabunge 137 upande huu na 137 upande ule, na mmoja wa kujitegemea aliyekaa na serikali. Desemba 2021 serikali ilitaka kupitisha tozo ya asilimia 1.75 kwa miamala ya simu. Ngumi zilirushwa usiku pale Naibu Spika Joseph Osei-Owusu, aliyekuwa akiongoza kikao, alipotaka kuondoka kitini ili naye apige kura. Kikao kikavunjika bila uamuzi. Tozo ilipita tarehe 29 Machi 2022, upinzani ukiwa umetoka nje, lakini sasa ikiwa asilimia 1.5. Miezi mitatu ilipatikana, na robo asilimia ikapungua. Siwezi kusema ni vurugu peke yake zilizofanya hivyo, kwa sababu hasira za wananchi mitaani zilikuwa kubwa. Ila kuchelewa kulianzia ukumbini.

Linganisha na Kampala. Mwishoni mwa Septemba 2017 wabunge wa Uganda walipigana kwa viti na vyuma vya vipaza sauti kuzuia kuondolewa kwa kikomo cha umri wa miaka 75 kwa rais. Spika Rebecca Kadaga aliwasimamisha 25. Watu wa usalama wakaingia ndani ya ukumbi wenyewe na kuwakokota nje. Betty Nambooze aliumia mgongo vibaya. Desemba 20 mswada ulipita kwa kura 317 dhidi ya 97.

Tofauti ya Accra na Kampala ndiyo ninayoiona kuwa kiini. Ushujaa ulikuwa kote kuwili. Ghana kila kura ilikuwa na bei, kwa hiyo kuchelewesha kikao kulilazimisha watu warudi mezani. Uganda pengo lilikuwa la kura 220, na kuchelewesha kuliwapa wenye nguvu sababu ya kuleta askari. Nairobi mwaka 2014 ilifanana na Kampala: wingi wa serikali ulikuwa salama, mswada ulipita siku ile ile. Kilichouzuia ni karatasi za mahakamani. Tarehe 2 Januari 2015 Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vifungu, na tarehe 23 Februari ikafuta vinane, kikiwemo cha vyombo vya habari na kile cha wakimbizi. Miezi miwili na siku chache, bila shati la mtu kuchanwa.

Kuna hesabu nyingine isiyopigwa mara nyingi, nayo ni ya anayeumia. Laboso, Nambooze. Dakar, tarehe 1 Desemba 2022, mbunge Amy Ndiaye alipigwa kofi na mwenzake Massata Samb kikaoni, na mwingine akampiga teke, naye alikuwa mja mzito. Bunge likizoea kwamba hoja huishia kwa mabavu, vyama vitaanza kuchagua watu wa kwenda mbele kwa mabavu, na mwanamke aliyetumwa na watu wake kwa sababu anajua kusoma bajeti atakuwa amepunguziwa kiti bila sheria yoyote kubadilishwa. Kwa kaunti ndogo kama yetu, ambayo mmoja katika watatu ni mwakilishi wa wanawake, jambo hili halipuuziki.

Senegal ilimpeleka Samb na mwenzake mahakamani na Januari 2023 wakahukumiwa kifungo cha miezi sita. Kwetu, Desemba 29 mwaka 2021, katika mjadala wa sheria ya vyama vya siasa, mbunge Bernard Koros alitoka ukumbini akiwa ameumizwa jicho, na maisha yakaendelea. Watu hudhani kinga ya bunge inalinda yote. Ibara ya 117 ya Katiba inalinda uhuru wa kusema na kujadili. Ngumi si usemi, na sijaona hoja ya kisheria inayoweza kuigeuza kuwa usemi.

Lakini adhabu peke yake haitoshi, na hapa Korea Kusini ina la kufundisha. Desemba 2008 wapinzani mjini Seoul walivunja mlango wa chumba cha kamati kwa nyundo kubwa, waliokuwa ndani wakiwazuia kwa vizima-moto. Novemba 2011 mbunge mmoja alifungua mkebe wa gesi ya machozi mbele ya kiti. Mwaka 2012 walibadilisha kanuni. Spika aliondolewa uwezo wa kuupeleka mswada kwenye kura kwa amri yake, ila katika hali chache kama vita au maafa. Mswada wa kuharakishwa ukahitaji theluthi mbili kasoro kidogo, yaani asilimia 60. Wachache wakapewa haki ya kuzungumza bila kikomo, na anayezuia kikao kwa nguvu akawekewa kifungo. Mwaka 2016 wapinzani wa sheria ya ugaidi waliitumia haki hiyo wakazungumza kwa zamu saa 192. Walishindwa katika kura, lakini kila neno lao liliandikwa. Aprili 2019 mitaimbo ilirudi, mara hii katika ugomvi juu ya njia hiyo hiyo ya kuharakisha, na safari hii wabunge wengi wakashtakiwa. Kanuni haikumaliza ugomvi. Ilipunguza sababu zake na kuongeza gharama zake, vyote pamoja.

Lamu tunaijua siwa kabla haijawa fimbo ya bunge. Ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, ndefu kuliko mtu mzima aliyesimama, hupulizwa kwa ubavuni, na zilipulizwa mbele ya wenye enzi na katika harusi kubwa. Kazi yake ilikuwa kutangaza kwamba watu wanyamaze, kuna jambo. Hata kwenye kirumbizi bakora hugongana kwa kufuata ngoma na zumari, na wazee wamesimama pembeni kuamua. Kiti cha spika kina kazi ile ile, na kikipoteza uaminifu wa upande mmoja hakuna mlinzi atakayekitosha.

Kwa hiyo ningetaka mambo matatu yaandikwe katika kanuni zetu, kuanzia Nairobi hadi Bunge la Kaunti ya Lamu lenye wadi 10. Kura ya kifungu isiamuliwe kwa sikio wakati kuna kelele: kiti kisimamishe kikao, watu warudi vitini, majina yahesabiwe kwa mitambo iliyokwisha kufungwa. Mswada unaogusa sheria nyingi kwa mpigo usikatiwe muda bila ridhaa ya sehemu ya upinzani. Na aliyempiga mwenzake apelekwe polisi siku hiyo hiyo, awe wa upande wowote.

Anayetaka kujua tulipoteza nini mwaka 2014 atafute kumbukumbu rasmi za kikao, Hansadi. Maneno ya mbunge huandikwa kwa jina lake, mstari kwa mstari. Vurugu huandikwa ndani ya mabano, maneno mawili au matatu bila jina la mtu wala la kaunti, kisha kinafuata kifungu kingine.