Jina la Taasisi

Mwenzenu natafuta kitabu. Si riwaya, si cha kutajirika kwa siku saba. Hivyo ukikohoa tu dukani vinakuangukia. Natafuta kitabu cha pampu za maji machafu. Ndiyo kazi yangu, na msinicheke. Nyie mkivuta maji chooni mnadhani yanaenda wapi?

Nilianza na duka la vitabu, kama muungwana. Muuzaji akauliza mwandishi ni nani. Nikamwambia jina limenitoka, ila namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, ninayo kichwani, tarakimu zote 13, inaanza na 978. Tarehe ya ndoa yangu huwa naisahau, hiyo siisahau. Akaibonyeza, akaikodolea macho skrini kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa.

"Mzee, vya aina hii hatuweki."

Akanieleza, na kusema kweli nilimwelewa. Riwaya, mchapishaji humpa mwenye duka punguzo nono, na zikidoda anazirudisha. Kitabu cha kitaalamu punguzo lake ni la kutia huruma, na mara nyingi ukishakiagiza ni chako, ufe nacho. "Sasa nikikiagiza halafu usirudi?" Nikamwapia nitarudi. Akanitazama vile anavyotazamwa mtu anayeomba mkopo.

Basi nikaingia mtandaoni. Kuona bei, nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Bei ilikuwa palepale, imenikalia kama baba mkwe. Vitabu hivi huchapishwa nakala chache, pengine mia kadhaa tu, na bei hupangwa kwa kuitazama maktaba ya chuo kikuu, si mfuko wa mtu kama mimi. Kwanza linatoka jalada gumu. Jalada laini litafuata baadaye, likijisikia.

Nikasema nitafute nakala iliyotumika. Huko nako usipime. Bei nyingi zinapangwa na programu, na programu haina haya. Mwaka 2011, kwenye Amazon, kitabu kimoja cha baiolojia ya nzi kilifika zaidi ya dola milioni 23. Ndiyo, nzi! Wauzaji walikuwa wawili, kila mmoja na programu yake. Ya kwanza inaweka bei chini kiduchu ya mwenzake, ya pili inaichungulia ya kwanza na kuizidisha kwa kama 1.27. Zikapandishana hivyo, siku baada ya siku, hakuna binadamu anayetazama. Tangu niisikie habari hiyo, kila nikifungua ukurasa wa pampu zangu naangalia kwanza kama kuna programu mbili zinazotazamana.

Sasa kuna hiki cha kielektroniki. Mnunue sura mojamoja, wanasema. Nikapiga hesabu ya sura zote: inazidi bei ya kitabu kizima, na jalada hupati! Ukinunua chote nacho si chako, umepewa leseni ya kukisoma. Kurasa za kuonja zipo, za bure. Zinaanza na shukrani za mwandishi kwa mkewe, zinaendelea vizuri, na zinakatika pale pale panaposema "jedwali lifuatalo linaonyesha". Jedwali ndilo nililokuwa nalitaka! Mke wa mwandishi simjui.

Nikakata shauri: liwalo na liwe, nanunua. Fomu ikafunguka. Jina, nikajaza. Anwani, nikajaza. Jina la taasisi, na kinyota chekundu pembeni. Nikaacha wazi, ikakataa. Nikaandika "sina", ikakataa. Nikaandika "mimi", ikaniambia nijaze jina sahihi. Yaani miaka yote hii kwenye matope, leo mashine inaniambia mimi si sahihi.

Nikaandika Taasisi ya Utafiti wa Pampu, Tawi la Sebuleni. Ikakubali bila hata kupepesa.

Kesho yake simu.

"Mkurugenzi, habari za kazi? Nimeona mmeomba kitabu chetu. Taasisi ina watumiaji wangapi?"

"Mmoja."

Kimya.

"Mkurugenzi, kifurushi chetu cha chini kinaanzia watumiaji watano."

Nikahesabu. Mimi, mama watoto, watoto wawili, na paka, ambaye kwa maji machafu ana uzoefu kuliko baadhi ya wahandisi ninaowafahamu. Nikamwambia watano tupo.

"Safi sana. Basi tunaomba barua rasmi ya ununuzi, yenye sahihi ya idara yenu ya fedha."

Idara ya fedha ilikuwa imekaa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Nikaiandika barua kwa heshima zote, kichwa cha habari nikakipigia mstari, nikaipeleka kwa mikono miwili. Mama watoto akaisoma kutoka juu mpaka chini. Akarudi juu tena. Akauliza, "Na paka naye ni mtumiaji?" Nikajibu ni wa mkataba. Akaomba kalamu, nami moyo ukaanza kuruka kwa furaha. Akaandika pembeni, kwa ule mwandiko wake mzuri:

"Maombi yarudishwe. Ambatisha bei za wauzaji watatu tofauti."

Kitabu chenyewe kinauzwa na mchapishaji mmoja, na zile programu mbili.