Kapasita Mbili na Sauti ya Babu

Kundi letu la muziki wa harusi hapa Temeke lina amplifaya ya gitaa la besi ambayo ni kongwe kuliko mimi ninayeitumia. Ni ya miaka ya 1980, ya transista, yenye spika moja ya inchi 15 na uzito wa kutosha kuvunja urafiki wa watu wawili wanaoibeba ngazini, na ilitufikia kutoka kwa bendi ya hoteli iliyokwisha kusambaratika. Kwa muda wote niliopiga nayo ilikuwa na magonjwa matatu: sauti ilizama ghafla hadi ipigwe kofi ubavuni; kitufe cha sauti kilikwaruza kama mtu anayekwangua ukoko; na juu ya hayo yote ilivuma, mmm, tangu ilipowashwa hadi ilipozimwa, hata gitaa likiwa bado limo mkobani.

Mwimbaji wetu mkuu, mzee ambaye sote tunamwita Babu, ndiye pekee ambaye hakuwahi kuilalamikia. Kila mara alisimama karibu nayo, nami kwa majivuno yangu nikaamini kwamba anapenda besi. Babu huanza kila wimbo peke yake, ubeti mmoja wa taratibu bila ala, kisha ndipo sisi huingia. Nyimbo zetu karibu zote ziko katika ufunguo wa G, yaani noti ya G ndiyo nyumbani kwao, jambo ambalo tuliliita desturi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea pa kuanzia, isipokuwa katika harusi za jenereta, ambako sauti yake ilikuwa ikishuka kadiri usiku ulivyosonga, nasi tukalilaumu pilau. Aliyelaumiwa zaidi alikuwa mpiga kinanda. Kwa mwaka mzima tulimwambia kwamba kinanda chake kiko chini kidogo, naye kwa mwaka mzima aliapa kwamba kinanda hakina vigingi vya kulegea.

Jumapili moja isiyokuwa na harusi niliamua kuitibu amplifaya. Nilianza na ile sauti inayozama, nikaishuku spika. Niliigusisha betri ya volti 1.5, koni ikasogea vizuri. Nikaipima kwa mita, ikasoma omu 6 na ushei, ambayo ndiyo afya ya spika iliyoandikwa omu 8. Nikabadilisha kebo tatu. Nikafungua na kulehemu upya viungo vyote vya mbele, hata visivyokuwa na kosa, kazi ya saa mbili iliyonipatia malengelenge ya vidole na hakuna kingine. Mwishowe ndipo nikakumbuka matundu mawili ya nyuma ya kuunganishia vyombo vya kunakshi sauti, ambayo hatujawahi kuyatumia, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo yaliyokuwa yakitutesa: wakati hakuna kilichochomekwa, sauti yote hupita katika kijibati kidogo ndani ya tundu moja, na kijibati hicho kilikuwa kimeliwa na chumvi ya hewa ya pwani. Nilichomeka kebo fupi kutoka tundu moja hadi la pili, sauti ikarudi na kutulia. Spiriti kidogo, jeki ya kebo kuingia na kutoka tunduni mara ishirini, ugonjwa wa kwanza ukaisha. Makofi yote ya miaka ile yalikuwa yakikitikisa kijibati hicho tu.

Mkwaruzo ulikuwa vumbi ndani ya kitufe, nao sitauzungumzia, ingawa mende waliohamishwa siku hiyo wangetosha kuunda kundi lao la harusi.

Mvumo ndio uliokuwa na heshima yake. Niliteremsha sauti hadi sifuri, ukabaki vilevile. Basi haukutoka katika gitaa wala kebo, bali upande wa umeme wenyewe. Nikaweka simu mbele ya spika na kufungua programu ya kulinganishia gitaa, ikaandika G, sindano ikiegemea juu kidogo. Nilicheka, nikaendelea. Laiti ningesimama hapo nikawaza! Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na ukishapita katika dayodi za kuugeuza kuwa umeme wa upande mmoja huwa na mawimbi 100 kwa sekunde. Kazi ya kuyasawazisha mawimbi hayo ni ya kapasita kubwa mbili, kila moja mikrofaradi 4,700, na zetu zilikuwa zimekauka dawa yake kwa miaka ya kukaa ubavuni mwa bati la moto, vichwa vimetuna kama maandazi.

Kapasita huweka umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na njia ya kiungwana ni kuuondoa taratibu kwa kutumia rizista, kijipande kinachoupunguza umeme kasi. Mimi nilitumia bisibisi. Ulitoka mlio kama wa fataki, ncha ya bisibisi ikabaki na kovu, na jirani yangu akanipa pole kupitia ukutani.

Nilinunua mpya Kariakoo, ndogo nusu ya zile za zamani kwa uwezo uleule, nikazilehemu, kisha, kwa kuwa bisibisi ilikuwa imenifunza adabu, nikaiwasha amplifaya kupitia balbu ya kizamani ya wati 100 iliyotangulizwa njiani, ili izuie umeme mwingi endapo kuna kosa. Mambo yakiwa sawa, balbu hiyo humulika kidogo na kufifia. Yangu iliwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama sasa nimeanza kutengeneza taa. Nilikuwa nimeifunga kapasita moja kinyume, kwa sababu katika amplifaya za aina hii hasi ya moja hukutana na chanya ya nyenzake katikati, na mtu mwenye njaa hapaoni hapo. Nikaigeuza. Balbu ikafifia, spika ikanyamaza. Nilikaa mbele ya ukimya ule kama mtu aliyechimba kisima peke yake.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi Mbagala. Nilizikaza nyuzi zangu kwa simu, magitaa mengine yakanifuata, Babu akasimama mahali pake na kuinamisha sikio upande wa amplifaya. Akangoja. Akaitazama taa yake nyekundu, ikawa inawaka. Akavuta pumzi, akaanza mahali fulani kati ya F na jirani yake, nasi tukaingia kwa G, yakawa mabasi mawili yanayogombea kituo kimoja. Vigelegele vikakatika. Babu akakohoa, akaanza upya, safari hii juu ya A, na mshereheshaji akawatangazia wageni kwamba mzee anapasha koo. Mara ya tatu hakuanza kabisa. Alikuja hadi nilipo, akaninong'oneza, "Mwanangu, umempeleka wapi yule?"

"Nani, Babu?"

"Yule aliyekuwa akinitajia pa kuanzia."

Hapo ndipo kila kitu kilipojipanga kichwani mwangu, mbele ya bibi harusi na shangazi zake. Uzi wangu wa kwanza, G, ukiachwa wazi hutoa hezi 98, na mvumo ulikuwa 100, hivyo vikikutana hutetema mara mbili kwa sekunde. Nami kwa miaka nilikuwa nikikaza kigingi hadi mtetemo uishe, nikidhani natafuta utamu. Magitaa yalinifuata mimi, mimi niliifuata amplifaya, na amplifaya iliufuata umeme. Jenereta ikielemewa na friji za soda, mwendo wake hupungua, mvumo hushuka, Babu hushuka nao. Pilau halikuwa na hatia. Mpiga kinanda naye, aliyekuwa ameshaelewa kabla sijamaliza kujieleza, alikunja mikono kifuani na kutuangalia mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Shika hii, Babu," nikasema, nikiudonoa taratibu uzi wa G.

Mzee akafumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Anafanana naye. Lakini yule alikuwa juu kidogo."

Nikakaza kigingi, kidogo, kidogo tena, hadi akatabasamu, na nyuma yangu nikasikia kifuniko cha kinanda kikifungwa.