Alama za Kidato cha Pili Hazimzuii Mtu Kuwa Daktari wa Mifugo, Kuacha Kemia Ndiko Kunakomzuia

Matokeo ya kidato cha pili yakitoka, hawakosi wazazi wanaoona D ya Baiolojia na F ya Kemia, wakaamua papo hapo kwamba ndoto ya mtoto ya udaktari wa mifugo imekwisha. Wanawahi mno. Chuo kinapopokea maombi kinaangalia cheti cha kidato cha nne, kisha cha sita au stashahada. Ya kidato cha pili hakiyaulizi.

Hatari yenyewe inakuja Januari, mikondo inapogawanywa. Kwa mtaala uliozoeleka, kidato cha kwanza na cha pili kila mtu anasoma Fizikia na Kemia. Kuanzia cha tatu yanakuwa masomo ya hiari, na mwenye alama mbovu anaambiwa aende Arts. Wengi wanakwenda kwa furaha, maana mzigo umepungua. Miaka miwili baadaye ndipo wanagundua kuwa shahada ya udaktari wa mifugo pale SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, imejengwa juu ya Baiolojia na Kemia, na kwamba bila Kemia hakuna mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) wala wa CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) kidato cha tano. Mwalimu wa taaluma simlaumu sana, anapigania wastani wa shule yake. Lakini mzazi ana haki ya kwenda ofisini kwake na kuomba mtoto abaki na Kemia. Fizikia ikimshinda kabisa, CBG haina Fizikia.

C ya kidato cha nne inaanzia alama 45. Aliyekuwa na 20 kidato cha pili anaweza kuifikia, ila asianze kwa kukariri kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza. Mtihani wa nadharia wa Kemia una alama 100 na wa vitendo 50, yaani theluthi moja ya alama za mtihani iko maabara, na maabara inamlipa mwenye mkono uliozoea kuliko mwenye kumbukumbu kali. Titresheni, yaani kupima asidi kiasi gani inamaliza nguvu ya besi, ni mfano mzuri. Wanafunzi wanapoteza alama kwa mambo madogo yale yale kila mwaka. Wanasoma bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo, wakiwa wamesimama, jicho likiwa juu ya usawa wa maji. Wanaandika 24.5 badala ya 24.50. Wanapuliza tone la mwisho la pipeti, mrija wa kuchotea kimiminika, wakati pipeti imepimwa kwa kuhesabu kwamba tone hilo linabaki. Wanaingiza jaribio la kwanza, lile la kukadiria tu, kwenye wastani. Tena, asidi ikiwa kwenye bureti, methili oranji, kiashiria kinachobadilika rangi, inatakiwa itoke manjano iishie rangi ya chungwa. Ikishakuwa nyekundu umepitiliza, mwaga, anza upya. Kinachotafutwa ni majibu matatu yasiyopishana zaidi ya sentimita za ujazo 0.2. Akizoea hapo, hesabu za moli nazo zinaanza kumwingia, kwa sababu sasa anajua namba zinatoka wapi.

Na kama kidato cha nne kikatoka vibaya? Hapa ndipo watu wanapokata tamaa bila kupiga hesabu. Wakala ya Mafunzo ya Mifugo, LITA, yenye kampasi kama Tengeru, Mpwapwa, Buhuri na Morogoro, inapokea waliopata D nne, masomo ya sayansi yakiwemo. D ya somo la dini haihesabiwi, na wengi wananasa hapo. Mwenye Divisheni ya Nne ya pointi 31 kwa D nne na F tatu anaweza kuwa na sifa, mradi D zenyewe ziangukie masomo yanayotajwa kwenye mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Zisipotosha, arudie masomo yaliyopungua kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kabla ya kulipa ada aulize kama kituo kina maabara.

LITA ni miaka mitatu mpaka stashahada. SUA ni mitano. Jumla minane. Mwenzake aliyepita kidato cha tano na sita anatumia saba. Mwaka mmoja tu! Na huyu wa njia ndefu anafika chuo kikuu akiwa ameshashika sindano, ameshahasi ndama kwa bedizo, ile koleo ya kuhasia, na anaijua ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, kwa macho kabla hajaisoma kwenye slaidi.

Ila njia hii ina mtego wake, nao ni GPA, wastani wa alama za chuo. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inataka angalau 3.0 ya stashahada pamoja na zile D nne za kidato cha nne, na 3.0 ni ya kuruhusiwa kuomba tu, ushindani unaanzia juu yake. Wanafunzi wengi wanaanza muhula wa kwanza kwa kupumua, wakishika sapu (mitihani ya marudio) mbili tatu wakijua watazifuta. Sapu haifutiki hivyo. Kwa kawaida hata ukiirudia ukapata 80, unaandikiwa C. Nayo C hiyo inaweza kuendelea kuivuta GPA chini siku unapojaza fomu ya SUA.

Kwa atakayeishia stashahada, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtambua kama mtaalamu msaidizi. Anaandikishwa Baraza la Veterinari na anafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Vijiji vingi vinamjua yeye kuliko daktari mwenyewe.