Uzi wa Bingwa, Mkono wa Jumamosi

Jamani, nani aliyetuloga watu wa mji huu? Mtu anacheza tenisi Jumamosi kwa Jumamosi, jua likishaanza kuelekea Changamwe, na nusu ya mchezo wenyewe ni kuokota mipira kwenye majani. Sevu yake ikivuka wavu wenzake wanapiga vigelegele. Lakini mwambie achague nyuzi za raketi, utamwona anavyovimba: "Mimi nataka ile nyeusi ya Nadal."

Ya Nadal, yule bingwa wa tenisi wa Uhispania! Nadal ana mkono wa Nadal, bwana. Wa kwako wiki nzima umeshika usukani wa tuktuk, au kalamu huko bandarini, na Ijumaa yote ulikuwa na kazi moja tu ya kupeleka mahamri kinywani.

Ile nyeusi ni Babolat RPM Blast, na ni poliesta. Wazimu huu wa poliesta ulipamba moto pale Gustavo Kuerten wa Brazil alipochukua ubingwa wa Roland Garros kule Paris mwaka 1997 na nyuzi za poliesta za Luxilon kwenye raketi yake. Sawa, haki yake. Poliesta ni uzi mgumu, tena unateleza. Mpira ukiusukuma pembeni uzi wa wima, unachomoka na kurudi mahali pake papo hapo, na huko kurudi ndiko kunakouzidishia mpira mzunguko. Lakini kwanza lazima mtu awe ameupiga kwa kasi ya kuusogeza huo uzi! Ukiupapasapapasa mpira kama tunavyoupapasa sisi, uzi hausogei popote. Unabaki waya wa kuanikia nguo, na mshtuko wote unapanda kwenye kiwiko. Baada ya muda mtu hawezi kuinua birika la chai, anasema ni baridi ya kusi. Kusi ina makosa gani?

Muuza duka naye, badala ya kumwonea huruma, anatia petroli: "Chukua hii mzee, haikatiki." Sasa huko kutokatika ndiko balaa yenyewe. Nailoni ikichoka inakatika, unajua imekwisha, unaenda kwa fundi. Poliesta inakufa imesimama wima. Inapoteza mkazo upesi kuliko nailoni, na sehemu kubwa inapotea siku ile ya kwanza, hata raketi ikiwa imelala kwenye begi. Ikifika saa 10 hadi 20 za kucheza imebaki ugumu mtupu, faida imekwenda zake. Hesabu mwenyewe: anayecheza saa mbili kwa wiki, ndani ya miezi miwili na ushei ameshika maiti. Na kwa kuwa haijakatika, ataifuga mwaka mzima, huku anashangaa kwa nini mpira unamwendea nje ya uwanja na mkono unamuuma.

Kuijua kama ingali hai si kazi. Sukuma uzi mmoja wa wima kwa kidole, pale katikati ya raketi, uuachie. Poliesta nzima inarudi yenyewe. Ikibaki imepinda huko ulikoipeleka, ikate leo. Nailoni usiipime hivyo, maana nailoni, hata mpya, hukaa pale pale uliposukuma. Hiyo itazame kwenye makutano ya nyuzi: ukiona mikato imekula nusu ya unene, siku zake zimetimia.

Basi nani anunue poliesta? Anayekata seti ya nailoni, yaani nyuzi zote za raketi moja, kila wiki mbili tatu. Huyo tunamjua, sote tunamkimbia uwanjani. Akitaka kuuhurumia mkono, aweke poliesta kwenye nyuzi za wima na nailoni kwenye za upana. Mtoto wa shule, hapana. Mifupa yake haijakomaa, mwacheni.

Sisi wengine wote, dawa yetu ni nailoni ya kawaida, ile yenye kiini kimoja kilichozungushiwa nyuzi nyembamba. Prince Synthetic Gut ni mfano wake, iko miaka na miaka. Ni rahisi, haina majivuno, inafanya kila kitu kwa kiasi. Kiwiko kikishaanza kulalamika, panda hadi malti, nayo ni nailoni ya mamia ya nyuzi laini sana zilizogandishwa pamoja. Wilson NXT ni ya ukoo huo. Inaupokea mpira kwa upole. Ubaya wake, inaota manyoya ikizeeka, na inawahi kukatika.

Kisha yuko tajiri wetu mmoja, kila kiwanja hakimkosi, atakayekuambia uzi ni utumbo wa ng'ombe tu, vingine takataka. Hajakosea! Babolat walianza kutengeneza nyuzi za utumbo za tenisi mwaka 1875, na mpaka leo hakuna uzi unaotunza mkazo na mkono kuushinda. Lakini utumbo hauelewani na unyevu, na sisi hapa hata chumvi mezani inagandana. Siku hizi hupakwa kinga, ila kinga yenyewe husagika pale nyuzi zinapokutana, kisha jasho la kaskazi linaingia, au manyunyu ya masika, na uzi unaanza kufumuka. Bei yake ni ya seti kadhaa za nailoni. Mwenye nazo na afumukiwe.

Tuje kwenye unene. Aliyepanga namba za unene zinazoandikwa pakitini sijui alikuwa na ugomvi na nani: namba ikikua, uzi unakonda. Namba 15 ni kama milimita 1.40, 16 ni 1.30, 17 ni 1.25 au pungufu kidogo. Mnene unadumu, mwembamba unaushika mpira vizuri zaidi na kukatika mapema. Anza na 16. Ukiona hujaukata hata siku moja, jaribu 17, na pakitini soma milimita, hizo namba waachie wenyewe.

Sasa mkazo, na hapa ndipo watu wanaponitoa roho. "Fundi, kaza! Kaza kabisa!" Akidhani raketi iliyokazwa ndiyo inayopiga nguvu. Ni kinyume, ndugu yangu. Uzi uliolegea kiasi unabonyea, unaupokea mpira na kuurusha mbali. Uliokazwa haubonyei, mpira unaanguka karibu na unapoulenga, lakini nguvu yote lazima utoe wewe, na lile eneo tamu la katikati, mpira unapotoka vizuri, linapungua. Sasa mtu hana nguvu, tena mpira haumpati katikati, halafu anakaza. Utamsaidiaje?

Kwenye fremu, pale shingoni au ubavuni, pameandikwa kipimo kwa ratili, mathalani 50 hadi 60. Chukua katikati, 55, ambazo ni kama kilo 25. Mipira ikikufia wavuni au mkono ukichoka, seti ijayo shuka ratili 2. Ikikupaa hadi ukutani, panda 2. Usiruke 6 kwa mkupuo, hutajua kilichokusaidia. Na kama ubishi umekushinda ukaweka poliesta, punguza asilimia 10: ya 55 ivute kwa 50 hivi.

Lakini jueni na hili, 55 za fundi huyu si 55 za yule. Mashine ya mkono hufunga ikishafika kipimo, uzi ukilegea hapo hapo yenyewe haina habari. Ya umeme inaendelea kuvuta, kwa hiyo raketi hutoka ngumu zaidi. Ndiyo maana mtu akihama fundi anakuja barazani kumtukana wa kwanza au wa pili, na wote hawana hatia. Shika fundi mmoja, andika tarehe, uzi na ratili kwenye kipande cha karatasi, kitie begini.

Kabla hujamlipa, pitisha kidole kwenye kila uzi wa upana: juu, chini, juu, chini. Ukikuta nyuzi mbili jirani zimepita njia moja, hapo fundi alikuwa anaongea na simu. Tazama pia vile vijipete vya plastiki nyuzi zinapopenyea kwenye fremu. Kilichopasuka kitaukata uzi mpya pembeni, nawe utamlaumu mchina aliyeutengeneza.

Wa kubana matumizi nao hawajambo. Kuna anayeshauri ununue mshipi wa kuvulia changu, ati nailoni ni nailoni. Mshipi umetengenezwa unyumbuke samaki akivuta! Ukiukaza kwa ratili 50 unaendelea kurefuka, wiki ijayo raketi inafaa kuchujia tui. Mkitaka nafuu, changeni wanne mnunue roli la mita 200. Seti moja ni mita 12, roli linatoa raketi 16 na kipande juu. Mgawane. Ingawa najua mtakavyogombana juu ya hicho kipande.

Ukishafunga nyuzi mpya, usizipike. Mtu anatupa raketi kwenye buti, anaingia foleni ya feri Likoni saa saba mchana, gari limezimwa, jua la utosi. Joto hulegeza nailoni na poliesta vilevile, akifika ng'ambo ratili zake zimebaki njiani. Raketi ikae ndani ya gari nawe, na mkiteremka iteremke nanyi. Na kile kijipira mnachokichomeka chini ya nyuzi mkisema kinazuia maumivu, kinazuia kelele tu. Mshtuko unaofika kiwikoni unapitia kwenye fremu, hiko kidude hakiujui.

Uzi mmoja ukikatika, usiiache raketi ikining'inia msumarini mpaka mwisho wa mwezi. Upande mmoja unavuta, mwingine umelegea, fremu inapinda. Kata zote siku hiyo, ukianzia katikati kwenda nje, wima mmoja, upana mmoja, zipungue kwa pamoja. Na hata zisipokatika, mara unazocheza kwa wiki ndizo mara za kubadilisha kwa mwaka. Wa Jumamosi tu, abadilishe mara mbili. Moja haitoshi kwa joto hili.

Msicheke, watu wa badminton, nanyi zamu yenu. Kwenu nailoni haina mjadala, Yonex BG65 ya milimita 0.70 inawatosha, na ratili 20 hadi 24 zinawatosha zaidi. Lakini kijana ameona video moja tu, anataka 28. Fremu yake imeandikwa mwisho 24. Kinyoya, yaani huo mpira wenu wa manyoya, kikigusa karibu na ukingo uzi unapasuka, na siku mbaya fremu nayo inafuata, kisha anamshika fundi shati mbele za watu. Ndiyo maana fundi mjanja siku hizi humtoza kabisa kabla hajawasha mashine.