Kiingereza: tuanze na sikio au na daftari?

Kijana wa Malindi aliyemaliza kidato cha nne, akiamua kurudia Kiingereza kwa ajili ya mahojiano ya kazi hotelini au mtihani wa kwenda kusoma ng'ambo, karibu kila mara huanzia pale pale alipoachia: hufungua daftari la sarufi. Nyakati za vitenzi, viunganishi, jaza pengo, sahihisha sentensi. Wapo wanaoipinga njia hii, na ushahidi wao hauko mbali, uko ufuoni. Watazameni, wanasema, vijana wanaotembeza wageni na kuuza vinyago. Wanamwaga Kitaliano kama maji, na wengi wao hawajakalia dawati kukisoma. Mbona Kiingereza tulichofundishwa tangu utotoni kinatukwama kooni?

Hoja hiyo ina uzito. Tangu miaka ya 1960, kituo cha anga cha Waitaliano cha San Marco kilipojengwa Ngomeni, karibu na Malindi, na baadaye watalii na wenye nyumba za likizo kutoka Italia walipofuata, Kitaliano kimekuwa lugha ya riziki katika mji huu. Kiliingia kwa sikio. Mtu alisikia, akajaribu, akachekwa, akarudia, jioni akarudi nyumbani na chochote mfukoni. Kiingereza cha shule hakikupata bahati hiyo. Katika mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza na kusikiliza. Lakini zote hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika ni maneno gani yanayotamkwa sawa, huonyesha silabi yenye mkazo, hukamilisha mazungumzo yaliyochapishwa. Hakuna sauti inayotoka popote. Mtu anaweza kupata alama nzuri za kusikiliza bila kusikia neno hata moja. Mtaala mpya wa umilisi umeipa kusikiliza na kuzungumza nafasi yake, nami naupongeza kwa hilo, ila waliokwisha kumaliza shule haukuwakuta.

Matokeo yake huonekana mtu anapopokea simu ya mgeni kwenye meza ya mapokezi. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila silabi hutamkwa wazi. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini, na silabi zisizo na mkazo humezwa. Chukua maneno manne: "hat", "hut", "heart", "hurt". Kofia, kibanda, moyo, kuumia. Kwa sikio lililolelewa na Kiswahili peke yake, yote manne ni "hat". Au chukua sentensi ambayo kila mtoto wa shule anaijua kwenye karatasi, "What do you want to do?" Mzungumzaji mwenye haraka huitoa kama "wojuwonadu". Msichana wa mapokezi anayajua maneno yote sita, ameyaandika mara elfu, na bado hajasikia hata moja. Akiulizwa chumba cha tarehe "fifteen" akasikia "fifty", atamwomba mgeni arudie. Mara ya kwanza ni sawa. Mara ya tatu mgeni anamtafuta mwenzake.

Ndiyo maana mtu wa namna hii akikazana na daftari anajichosha bure. Anaitibu sehemu ya mwili isiyouma. Hata mtihani wa kupima Kiingereza uitwao IELTS, ambao vyuo vingi vya nje huutaka, haumhurumii: sehemu ya kusikiliza ina maswali 40 kwa muda wa kama nusu saa, na kila rekodi huchezwa mara moja tu, kwa lafudhi zinazobadilika. Hakuna kumwambia kipaza sauti "samahani, sikupata".

Hata hivyo, wanaosema "sikiliza tu, sarufi itakuja yenyewe" wanaruka mambo mawili ambayo sisi watu wa pwani, kuliko wengine wote, tunapaswa kuyaona.

La kwanza liko madrasa. Hakuna watoto waliofunzwa sikio na ulimi kama wetu. Mtoto wa Malindi au wa Lamu anatoa herufi za Kiarabu katika makhraj yake, yaani pale kila sauti inapotokea mdomoni na kooni, barabara, anajua pa kuvuta na pa kusimama, anahifadhi sura nzima. Lakini muulize kwa Kiarabu ametoka wapi, atakutazama tu. Hilo si kosa la madrasa, kwani lengo lake pale ni kisomo na ibada. Wale wanaotaka kukielewa Kiarabu chenyewe huketi tena kwa shehe kusoma nahau na sarfa, yaani kanuni za sentensi na za maumbo ya maneno ya Kiarabu. Kwa hiyo kusikia peke yake hakufundishi lugha. Kinachofundisha ni kusikia unachokielewa, na hata mwanaisimu Stephen Krashen wa Marekani, ambaye kwa miongo kadhaa amekuwa akitetea kujifunza kwa kusikia na kusoma kuliko kwa kanuni, sharti lake ni hilo: maneno yaeleweke. Anayeacha redio au video za Kiingereza ziseme kutwa nzima huku yeye anapika anaburudika, na si vibaya, ila asihesabu kwamba amedurusu.

La pili ni hicho hicho Kitaliano cha ufuoni. Kinauza kinyago, kinapanga safari ya boti kwenda kutazama samaki, kinamfanya mgeni acheke. Mwambie kijana huyo huyo wa ufuoni aandike barua ya kulalamikia malipo, au asome mkataba wa kazi, na mara nyingi utaona alipogotea. Lugha iliyopatikana kwa sikio pekee hufika mahali inapotosheleza haja, ikatuama hapo hapo miaka na miaka. Hakuna anayemsahihisha kwa sababu biashara inaendelea.

Kwa hiyo sarufi inahitajika. Ninachokataa ni kuirudia yote, kuanzia ukurasa wa kwanza, kana kwamba Mswahili na Mjapani wanakosea mahali pamoja. Makosa yetu yanajulikana. Kiswahili kina "yeye" mmoja, basi msichana anamsifu mamake akimwita "he". Kiswahili hakina vile vijineno "a" na "the", basi tunaviacha au tunavimwaga ovyo. Kiambishi "-ni" cha sokoni, nyumbani, mezani kinatutosha kwa kuwemo, kuwa juu, kwenda na kutoka, huku Kiingereza kikidai neno lake kwa kila hali. Na "-me-" yetu haigombani na jana: tunasema "nimemwona jana" bila tatizo, kisha tunaandika "I have seen him yesterday" na mwalimu anapiga mstari mwekundu. Mambo haya manne, yakishughulikiwa kwa dhati wiki chache, yananufaisha kuliko mwaka mzima wa kujaza mapengo.

Msamiati nitaugusa kwa kifupi. Orodha ndefu za maneno makubwa makubwa ni mapambo. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000, na watafiti waliofuata wamethibitisha kwamba idadi kama hiyo ya maneno ya kila siku hubeba sehemu kubwa sana ya mazungumzo ya kawaida. Anayejua "nevertheless" na hajui "spare", "spill" wala "leak" atapata shida siku bomba la chumba namba tatu litakapopasuka.

Mimi ningemshauri anayejiandaa kwa kazi ya hoteli aanze na sikio, akiwa na maandishi mkononi. Achukue rekodi fupi ya dakika mbili au tatu, yenye maneno yake yaliyoandikwa. BBC wanazo, na Sauti ya Amerika, kuanzia 1959, ilitangaza kwa miaka mingi Kiingereza cha taratibu chenye msamiati wa maneno kama 1,500. Asikilize bila kutazama, aandike alichopata, ndipo alinganishe. Pale alipokosea patamwambia kama ni sauti iliyomezwa, neno asilolijua au sarufi, na hapo ndipo daftari lifunguliwe, kwa jambo hilo moja. Kesho airudie rekodi ile ile kabla ya kuanza nyingine. Gharama ya bando ni ndogo, kwani rekodi moja iliyopakuliwa inatosha siku kadhaa.

Lakini muuguzi anayetafuta kazi Uingereza, ambaye tayari anazungumza vizuri na wageni wodini lakini insha zake zinarudi zimejaa mistari myekundu, asifuate ushauri huo. Yeye shida yake iko kwenye kalamu, na daftari la sarufi ndilo la kuanza nalo, tena leo.