Punda wa Lamu hahitaji mahindi yako

Najua kuna watu watanikasirikia lakini ngoja niseme tu, yale mahindi unayomwagia punda jioni baada ya kazi, ukidhani ndo unamshukuru, ndo hayo hayo yanayomharibu tumbo. Na sisemi kwa ubaya. Lamu punda ndo lori, vichochoro vyenyewe gari haipiti, mchanga, simenti, mawe, magunia ya sokoni, vyote vinapita mgongoni mwake, kwa hivyo mtu anaona huruma, anasema huyu amechoka apewe chakula kizito apate nguvu. Kwa binadamu sawa. Kwa punda hapana.

Punda na farasi tumbo lao ni la aina moja, hawacheui kama mbuzi na ng'ombe. Ng'ombe bakteria wake wako mbele, chakula kinaanza kwao, lakini wa punda wako huko nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana na lile fuko kubwa lililo mwanzo wake. Farasi mzima, tumbo lake la mbele halizidi lita 15 hivi, ila huko nyuma kunaingia lita 100 na zaidi, sasa hebu jiulize Mungu aliweka nafasi yote hiyo ya nini kama si ya nyasi? Nyasi inafika kule inakaa karibu siku mbili inachachuka, bakteria wanaivunja, wanatoa asidi za mafuta zinazoingia kwenye damu na hizo ndo nguvu. Yani ule mfuko wa simenti unabebwa na majani.

Mahindi sasa. Wanga unatakiwa umalizike kwenye utumbo mwembamba, na chakula kinapita pale haraka, masaa machache tu, halafu wanga wa mahindi yasiyopikwa ni mgumu kuliko hata ule wa oti wanazopewa farasi wa mbio kule Ngong. Ukizidi unamwagikia nyuma, na kule kuna bakteria wengine wanaopenda wanga kama watoto na kashata, wanazaana fasta, wanatoa asidi ya laktiki, uchachu unapanda, wale wazuri wa kuvunja nyasi wanakufa, na wakifa wengi sumu inatoka mpaka kwenye damu. Hapo ndo unaona gesi, msokoto wa tumbo, na wakati mwingine kwato zinapata moto, punda hataki hata kukanyaga, na mwenyewe anasema kachomwa na mwiba.

Kwa farasi wanasema wanga usizidi kama gramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa mlo mmoja. Chukua punda wa kilo 150, hiyo ni gramu 150 za wanga, yani kama gramu 220 za mahindi, haifiki hata nusu kibaba! Na punda tumbo lake linaivunja nyasi ngumu vizuri kuliko la farasi, kwa hivyo nafaka ndo kabisa haimhusu. Mpe kilo mbili na nusu hivi za nyasi kavu kwa siku, akibeba mizigo mizito ongeza nyasi hiyo hiyo, na maji safi kila saa yapo, si mpaka akumbukwe.

Utaniambia nyasi kisiwani iko wapi, na hapo nakubali, ndo maana punda wanashinda jalalani wanakula maboksi na plastiki. Hakuna bakteria wa kuivunja plastiki humo ndani, inajikunja na kuziba njia. Mifuko ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017 lakini takataka za plastiki bado zimejaa. Mi naona ile pesa ya mahindi wenye punda wangeichanga, ikaletwa nyasi kavu kwa mashua kutoka bara, ingefika mbali zaidi.

Halafu jamani, mtoto wa punda akila mavi ya mamake msimpige. Anachukua bakteria wake wa kuanzia maisha.

Kama umezoea kumpa mahindi basi usikate ghafla, punguza kidogo kidogo kwa wiki mbili huku unaongeza nyasi, hao bakteria wanahitaji muda kubadilika. Na usingoje agaragare ndo ujue anaumwa, kugaragara ni kwa farasi, punda anaficha maumivu, utamwona tu kainamisha kichwa, kazubaa, hagusi chakula. Siku hiyo hiyo mpeleke kwa daktari, kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ipo Lamu tangu 1987. Na usimmiminie mafuta wala soda mdomoni ukisema unamsafisha tumbo, ikiteleza ikaingia mapafuni umemmaliza wewe mwenyewe.